Karatasi Kumi na Nne za Mchoyo

3 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limepoa, na sikio la kulia halijaanza kuiga tabia za la kushoto. Sisi huku hatujambo. Baba anakohoa kidogo lakini bado anagombana na redio, kwa hiyo usiwe na wasiwasi na kaka yako. Mimi mwili mzima, roho ndiyo inachemka. Ningekupigia simu, lakini mara ya mwisho nilikuuliza habari za goti ukanijibu habari za mbuzi wa jirani, nikaona heri kalamu.

Unakumbuka nilikuambia nimehamishiwa jumba la mimea mikavu. Wamenipa chumba cha chini kabisa, makabati ya chuma ukuta mzima, harufu ya dawa ya nondo mpaka kwenye nywele, na dirisha moja linaloangalia mapipa ya taka. Kazi yangu ni kutoa karatasi moja moja, kusoma lebo iliyobandikwa chini ya mmea, na kuingiza kwenye kompyuta: jina la mmea, tarehe, mkusanyaji, mahali. Wiki iliyopita nikafungua jalada la Mchoyo, lile ua lako la mlimani. Karatasi kumi na nne, zote kwa mwandiko wako. Nililia kidogo, sikufichi. Maua yamekauka miaka thelathini na bado yana ubuluu.

Sasa sikiliza. Zote kumi na nne zimeandikwa, "Mahali: Kambi ya Pili." Miaka kumi na tisa ya kukusanya, Kambi ya Pili, Kambi ya Pili. Na kuna kampuni inataka kuchimba mawe kwa baruti kwenye mabega yote mawili ya mlima, la mashariki na la magharibi, hapo hapo juu ya kambi. Kamati ya vibali ikatuma wakaguzi mwaka jana wakamtafute Mchoyo. Wakafuata lebo zako. Wakakaa kambini siku mbili, wakazunguka mahema yao kama kuku, hawakuona kitu, wakaandika kwamba ua hilo halipo tena duniani. Mkuu wetu anasema kumbukumbu ni kumbukumbu, yeye hawezi kubishana na lebo.

Mimi najua Mchoyo haoti kambini. Nilipokuwa mdogo ulinisimulia jinsi wewe na Profesa uliyemfanyia kazi mlivyokuwa mnamfuata kwenye mwamba kwa mikono na miguu. Ni bega lipi, Shangazi? Kamati inapokea maelezo mwisho tarehe 20 Machi. Tukionyesha bega lake, hilo litaachwa. Tusipoonyesha, yote mawili yanakwenda.

Nijibu upesi. Nasubiri kwa hamu.

Mwanao


12 Februari

Mwanangu, Mama Karatasi,

Marahaba. Barua yako nimeipokea jana, nami ni mzima, namshukuru Mungu. Goti ni lilelile. Sikio nalo ni lilelile, na mbuzi wa jirani kazaa, kama bado unataka kujua. Msalimie kaka yangu, mwambie aache kubishana na redio, haimsikii, na mimi nina uzoefu na watu wasiosikia.

Umenichekesha halafu ukaniudhi. Unaniandikia kana kwamba nilidanganya. Mimi sikudanganya. Ngoja nikueleze tulivyofanya kazi, maana nyinyi mnakaa na kompyuta mnadhani lebo huota pamoja na ua.

Profesa alikuwa na chupa moja ya wino, wino wa kudumu, na sheria moja: chupa haitoki kambini. Kule juu wapagazi waliwahi kuimwaga, ukapotea msimu mzima wa kazi. Basi kule mwambani tulikata tu, tukabana kwenye mbao, tukashuka. Meza ilikuwa kambini, wino kambini, mimi nikakaa na kuandika. Mahali palikuwa pale wino ulipofunguliwa. Kila aliyefanya kazi na Profesa aliandika hivyo, naye mwenyewe alijua, na alikusudia kuja kuandika kitabu chenye mahali hasa. Akafa kabla. Ni kosa langu hilo?

Kazi ile ilikuwa ngumu, mwanangu. Tulikuwa tunarudi kambini jua likitupiga usoni, mbao za kubania mgongoni, huoni unapokanyaga, na Profesa nyuma anapiga kelele tusitikise. Wapagazi ndio waliolipa ua lile jina la Mchoyo. Profesa alikuwa na jina lake refu la vitabuni, akitamka utadhani anasukutua.

Kuhusu bega, sitaandika kwenye barua inayopita mikono ya watu. Kulikuwa na ua jingine, jeupe, Profesa akachapisha mahali pake gazetini. Misimu miwili tu, watu wenye visu na magunia walilimaliza likauzwe kwenye vyungu. Mtu akiumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Kwanza niambie, karatasi hiyo unayoitaka atasoma nani?

Shangazi yako


19 Februari

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Nimefurahi kusikia u mzima na mbuzi kazaa. Baba anakusalimu, kikohozi kinapungua, redio imeharibika, nyumba imetulia.

Nisamehe kama nilikuudhi. Sikusema ulidanganya. Sasa nimeelewa habari za wino, nikaenda kumweleza Mkuu nikiwa na furaha kama mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho, akafuta miwani, akasema maneno ya mpwa kuhusu shangazi yake si ushahidi. Anataka karatasi. Uandike kwa mkono wako kwamba lebo za Mchoyo ziliandikwa kambini, utaje bega lenyewe, uweke sahihi na tarehe. Itasomwa na yeye, kamati, na kampuni yenyewe. Sitakuficha: kampuni nayo itasoma. Lakini watu wa visu na magunia huacha angalau mwamba wenyewe. Baruti haiachi hata jiwe.

Na kuna jambo jingine ambalo ningependa kukuficha, ila mficha uchi hazai. Nilimuuliza Mkuu kitakachofuata. Akasema mkono ulioandika hizi kumi na nne ndio ulioandika nyingine zote. Amezihesabu. Ziko mia nne na kumi na mbili. Ukisaini kwamba mahali pa hizi si sahihi, zote zitagongwa muhuri mwekundu: MAHALI HAPAAMINIKI. Nilibishana naye mpaka sauti ikanikauka. Nikamwambia mahali pa nyingine panaweza kusahihishwa moja moja, wewe ungali hai, tukuulize. Akasema hakuna fungu la kazi hiyo.

Nimekuambia ukweli wote. Tafadhali saini hivyo hivyo. Barua huchukua siku sita, saba, kwa hiyo usichelewe.

Mwanao


26 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Nashukuru kwa salamu. Mimi si mgonjwa, lakini leo nisiseme ni mzima.

Sitasaini.

Mwambie Mkuu wako kwamba nilipokuwa nakausha mimea yeye alikuwa anafungwa nepi. Nilibadilisha magazeti ya kukaushia mara mbili kwa siku, mvua inanyesha juu na moshi wa kuni machoni, ili lisiharibike jani moja. Katika zile mia nne na kumi na mbili itafute moja yenye ukungu. Hutaiona. Kwenye mstari wa mkusanyaji tuliandika jina la Profesa, kote, na sikulalamika, kwa sababu mwandiko ni wangu na nilijua siku moja mtu atautambua. Ukautambua wewe.

Mimi sikuzaa. Sikusoma shule zenu. Sina cheti hata cha kupanga mstari. Nina karatasi mia nne na kumi na mbili, basi, na wewe unaniomba nitie sahihi zipakwe wekundu kama deni lililokataliwa. Wakitaka bega, waje waniulize. Nina mdomo. Nitawapeleka kwa mguu wangu mbovu. Kwa nini hawaji?

Msalimie kaka yangu.

Shangazi yako


5 Machi

Shangazi,

Hawaji kwa sababu hawaji. Nimeuliza mara tatu. Kikao ni cha karatasi, si cha miguu. Zimebaki siku kumi na tano, na saba zitaliwa na posta.

Nimechoka. Huku Mkuu hanisikii kwa sababu mimi ni mdogo, huko wewe hunisikii kwa sababu mimi ni mdogo, na katikati kuna ua ambalo sijawahi kuliona likiwa hai na mimi peke yangu ndiye ninayelipigania. Wewe uliyelishika kwa mikono yako unalinda lebo! Ua likishakufa, hizo mia nne na kumi na mbili zitakuwa na faida gani? Zitafaa kufungia sabuni dukani.

Ni bega gani? Neno moja. Andika, saini, posti.

Binti wa kaka yako


28 Machi

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na nisamehe kwa barua iliyopita. Niliiandika nikiwa nimesimama, nikaiposti kabla hasira haijapoa. Naomba u mzima. Sisi hatujambo, Baba kanunua redio nyingine.

Hukunijibu. Nilikuwa napanda kwa mlinzi kila siku saa nne, gari la posta likifika, mpaka akaniuliza kama nina mchumba ng'ambo. Tarehe 19 hamna kitu. Tarehe 20 asubuhi hamna kitu. Maelezo yalikuwa yanapokelewa mpaka saa tisa alasiri.

Shangazi, nimekusainia.

Kaa kitako kwanza. Nilichukua karatasi nyeupe nikaandika kwa mwandiko wako. Nimeusoma karibu miezi miwili, hata wewe ungeukubali. Niliandika habari za wino na za meza, yote uliyonieleza. Na bega nililipata mwenyewe, kutoka kwenye barua yako. Ulisema mlikuwa mnarudi kambini jua linawapiga usoni. Mtu anayerudi jioni na jua usoni anaelekea magharibi, kwa hiyo anatoka mashariki. Nikaitazama ramani nusu saa, ikakubali. Nikaandika: Bega la Mashariki.

Jana kamati imekaa. Tumeshinda! Bega la Mashariki limefungwa kabisa, hakuna atakayegusa hata kokoto. Kampuni imepewa Bega la Magharibi peke yake, wanaanza baruti tarehe 14 Aprili. Nilitoka pale nikacheka peke yangu barabarani kama mwehu.

Sasa ubaya wake. Muhuri umegongwa. Mkuu alitaka kumpa karani mwingine, nikakataa, nikagonga mwenyewe zote, siku nne, pembeni kabisa, nisiguse ua hata moja. Nilikuwa nakuomba radhi kwa kila karatasi, na baada ya karatasi ya mia mbili midomo ikachoka nikawa naomba kimoyomoyo. Nimekuvunjia heshima, kwanza kwa mdomo, halafu kwa mkono. Nigombeze utakavyo. Lakini Mchoyo yu hai, na nadhani ukishapoa utaniambia nilifanya sawa.

Mwanao


11 Machi

Mwanangu,

Nakusalimu mimi, maana nilifundishwa kwamba barua haiingii nyumbani kwa watu bila kubisha hodi. U mzima? Kaka yangu mzima? Kikohozi? Mimi mzima.

Barua yako haikuwa na salamu. Imeanza na "Hawaji" kana kwamba unamjibu kondakta. Nimeisoma mara moja nikaiweka chini ya bakuli. Halafu nikaitoa nikaisoma tena. Ile ya kufungia sabuni imeniuma mpaka kwenye mfupa, na imeniuma kwa sababu ni kweli. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini ulimi wako umejikwaa mahali penyewe.

Haya, karatasi yako hii hapa ndani, nimeisaini mbele ya Fundi Baiskeli jirani yangu, naye katia sahihi yake na kidole juu, ili Mkuu wako asipate la kusema. Nimeandika kila kitu. Mchoyo yuko Bega la Magharibi, hatua mia mbili na kumi juu ya chemchemi, kwenye mwamba unaoinama. Kwingine kote mlimani, katika miaka kumi na tisa, sikumwona. Waambie waende alfajiri. Unajua kwa nini tulimwita Mchoyo? Anafunguka kukipambazuka, na ikifika saa tatu asubuhi amejifunga, humwoni tena, ni kama jani kavu. Sisi tulikuwa tunaondoka kambini saa kumi alfajiri, tunakata kukipambazuka, na saa mbili tuko njiani tunarudi. Ukichelewa umebeba majani tu.

Wagonge muhuri wao. Mia nne na kumi na mbili ni nyingi, waanze mapema.

Ila wewe ujifunze kusalimia.

Shangazi yako


30 Machi

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Natumaini umekaa, si umesimama.

Barua yako imefika jana. Nimeisoma kwenye ngazi, hapo hapo kwa mlinzi, na nilipofika kwenye saa mbili nikaurudia mstari ule mara tatu. Nilikuwa nimeweka jua lenu upande wa jioni. Sikufikiria hata mara moja kwamba watu wanaweza kurudi kutoka kazini asubuhi. Mimi ninayerudi kutoka kazini saa kumi na moja kila siku, jua linanipiga usoni kila siku, nikachukua jua langu nikalibandika mlimani kwenu. Na maua yote kumi na nne mbele yangu yamefunguka! Miezi miwili nayatazama, sikujiuliza yamekatwa saa ngapi.

Nimelifunga Bega la Mashariki ambalo halina kitu, na nimewapa Bega la Magharibi.

Asubuhi hii nilimpelekea Mkuu karatasi yako halisi, nikamweleza ile ya kwanza niliiandika mimi. Niliweka zote mbili mezani kwake, akazisogeza mbali naye kwa ncha ya kalamu. Hakunifokea, na ningependa angefoka. Alisema kamati imeshafunga jalada, na sasa ana karatasi mbili za mtu mmoja zenye mabega mawili, na mmoja wa waandishi amekiri kughushi, kwa hiyo kamati haitaamini hata ile ya kweli. Nikamwambia ya kweli ina shahidi. Akasema kikao kijacho ni Juni, waliohusika waandike upya. Nikamuuliza baruti nazo zitasubiri Juni? Akaniambia nirudishe funguo za makabati.

Nimesimamishwa kazi, Shangazi. Hilo nalistahili, wala siliombolezi. Nimekwenda ofisi ya kamati mara mbili na nakala ya karatasi yako. Dirishani wananiambia nimwone karani, karani ananiambia nipitie dirishani. Nimeandika kwa kampuni. Sijui kama kuna anayesoma.

Kuna jambo moja nakuuliza, na sikuulizi kwa ubaya. Barua yako ina tarehe 11 Machi. Muhuri wa posta ni wa tarehe 22. Kama ungeiposti tarehe 12 ingenifikia tarehe 19. Ilikuwa wapi siku kumi na moja?

Mwanao


17 Aprili

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. U mzima? Tafadhali niambie tu kama u mzima, hata kwa mstari mmoja.

Tarehe 14 imepita. Nimesoma gazetini kwamba kazi imeanza "bila tatizo lolote". Barua yangu kwa kampuni imejibiwa, wananishukuru kwa kujali mazingira, wameambatanisha kalenda. Kamati wameniandikia kwamba malalamiko yangu yamepokelewa na yamepewa namba. Nimeiandika namba hiyo ukutani ili niwe na kitu cha kutukana.

Baba anasema nije huko. Sina uso wa kuja. Ukiniambia njoo, nitakuja kesho yake.

Mwanao


6 Mei

Mwanangu,

Marahaba, na salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti limevimba, utajua kwa nini. Barua zako tatu zote nimezipata. Sikukujibu kwa sababu mikono ilikuwa na kazi, na pia kwa sababu ya lile swali lako. Nitalijibu kwanza, nilitue.

Ile barua ilikuwa chini ya bakuli. Karatasi niliisaini siku ileile niliyoipata yako, barua nikaiandika usiku, nikaifunga kabisa na stempu juu. Kisha nikasema, huyu mtoto hajanisalimu. Nikaapa sitaiposti mpaka ije nyingine yenye salamu. Nilijua utaandika. Kila siku nikimwona mtu wa posta anapita bila kusimama, nasema, mkaidi kama baba yake, kesho ataandika. Tarehe 22 Fundi Baiskeli akaniuliza, ile karatasi tuliyosaini ilifika? Ndipo nikaihesabu kalenda, nikakimbia posta kwa goti hili. Wewe ulighushi bega, mimi nilikalia bega la kweli siku kumi na moja nikisubiri shikamoo. Usinilaumu kwa upole, nilaumu sawasawa. Na ile ya kwako ya kuweka jua jioni, mimi ndiye niliyekuandikia jua bila saa, kwa sababu kwangu saa ilikuwa moja tu. Hapo hatudaiani.

Barua zako mbili za mwisho wa Machi zilipofika, nilipanda. Tarehe 11 Aprili, mimi na Fundi, tukalala kambini, saa kumi alfajiri tukaondoka kama zamani. Nilikwenda kwa makalio mahali pengine, sikufichi, Fundi ananisukuma kwa nyuma huku akisema samahani mama, samahani mama. Kukapambazuka tuko mwambani. Mwanangu, walikuwepo. Nilihesabu hamsini na tatu, wamefunguka wote, rangi ile ile. Nililia, nikacheka, nikamtukana Profesa kwa kufa mapema. Chini tuliona magari ya kampuni yameshapanda nusu ya njia.

Mkuu wa kazi yao alikuja, kijana mwenye adabu. Nikamwonyesha. Akatazama kwa heshima, akasema ni mazuri, akatoa karatasi mfukoni. Kwenye karatasi yake bega lenye maua lilikuwa la mashariki. Nikamwambia macho yako yanaona nini? Akasema mama, mimi nafanya kazi kwa karatasi.

Tulichoweza kubeba ni kumi na tisa, na udongo wake, kwenye makopo ya rangi. Niliyapanga nyuma ya nyumba, upande wa kivuli. Na hapo ndipo nilipojua ujinga wangu. Maisha yangu yote nimejua kukausha. Kuotesha sijui. Nikimwagilia wanaoza, nisipomwagilia wanasinyaa. Nilimwuliza kila mwenye bustani, kila mtu na lake. Wiki ya kwanza walikufa sita. Ya pili, wanane. Nilikuwa nalala mchana ili niwaone asubuhi, nikisema nao, na mimi si mtu wa kusema na majani.

Leo alibaki mmoja. Alifunguka kukipambazuka, lakini shina lilikuwa limeshalegea chini, na mimi naijua dalili ile. Nilikuwa na mpaka saa tatu kuamua. Kama ningemwacha angejifunga na kufa amejifunga, na hakuna ambaye angejua alikuwaje. Saa mbili na nusu nikamkata. Nimembana kwa mbao zangu za zamani. Atakauka vizuri, hii kazi bado naiweza.

Usikae huko na uso wako. Njoo. Nyumba haina habari ya nani alikosea zaidi. Na ukija utamchukua mwenyewe, maana posta siiamini tena, wala mimi sijiamini na posta. Ukirudishwa kazini, mbandike pamoja na wale kumi na nne. Usiporudishwa, mpelekee Mkuu mkononi, umsubiri mpaka asome.

Lebo nimeshaiandika. Niliiandika kule kule mwambani tarehe 11 Aprili, kwa kalamu ya risasi, nimepiga magoti, Fundi ananishikia ubao. Mkusanyaji ni mimi. Mahali: Bega la Magharibi, mwamba unaoinama, hatua mia mbili na kumi juu ya chemchemi. Hatua nimezihesabu upya kwa miguu yangu. Kila neno hapo ni kweli, na mtu akienda nayo leo hataukuta hata huo mwamba.

Hiyo wasiigonge muhuri.

Shangazi yako